Majivu ya Baba Golini Atotxa

Donostia, Machi 1999

Kaka Koldo,

Mvua haijakoma tangu ulipopiga simu kutoka huko ng'ambo, Rosario. Shangazi Edurne amevunjika nyonga, na bado anamgombeza daktari.

Uwanja wa Atotxa wanaubomoa, wajenge nyumba. Nilisimama nje ya uzio nikaangalia goli la upande wa sokoni, pale tulipomwaga majivu ya baba kwa siri, na wewe ukasema, "Hapa hakuna wa kumhamisha." Tingatinga lilikuwa limeshachimba. Nikamuuliza dereva udongo unapelekwa wapi.

"Popote penye shimo, dada."

Mama hajui kwamba uwanja unabomolewa. Hatoki kitandani, na akili yake inakuja na kuondoka. Jana ukuta wa uwanja ulianguka, kishindo kikafika mpaka chumbani, naye akainua kichwa. Unazikumbuka fataki za Atotxa: wageni wakifunga inalipuliwa moja, tukifunga sisi zinalipuliwa mbili, hata wavuvi baharini wajue. Basi mama akasubiri ya pili. Akasubiri sana.

"Moja tu," akasema. "Wametufunga. Baba yenu leo hasemeshwi."

Nikamwambia, "Mechi haijaisha, mama."

Akanishika mkono. "Mtaniweka palepale kwake, eti Garbiñe?"

Nikasema ndiyo. Ningesema nini, Koldo? Daktari anasema mama Pasaka haioni. Wewe ndiye mkubwa, niambie: nimpeleke wapi?

Mdogo wako,
Garbiñe