Namba Yako ya Zamani

Nyumba ya uani, nyuma ya duka la vitambaa,
Jumanne, 14 Agosti

Mpendwa mdogo wangu,

Wanangu wanakuamkia, nami nakusalimu. U mzima? Kifua bado kinakusumbua kwenye baridi hiyo? Sisi tunapumua, ila sitakudanganya kwamba hatujambo. Barua nimempa shemeji anayekuja huko akuletee mkononi, maana namba uliyotupa mwisho haipatikani.

Unakumbuka hospitali ilipoacha kadi za karatasi na kutaka kila mgonjwa aandikishwe kwa simu? Wewe ndiye uliyekuwa na simu ya maana, ukatuandikisha nyumba nzima kwa namba yako. Baba akakuita Bwana Mitambo, tukacheka. Ukasafiri, laini ikafa, na hakuna aliyekumbuka kubadilisha. Mimi nilikuwa wa kwanza kusahau.

Sasa macho ya Baba. Miezi minne tumesubiri aitwe kwenye upasuaji. Kila asubuhi anaacha cherehani yake, ananiuliza kama ujumbe umeingia. Mwishowe nikampeleka. Karani akaangalia kompyuta, akasema, "Mzee kaitwa mara tatu, hakutokea. Keshaondolewa kwenye orodha." Jicho la kulia limekwisha, mdogo wangu. Daktari anasema halirudi tena.

La kushoto bado linaokoleka, lakini lazima apangiwe upya, na kubadilisha namba kunataka tarakimu sita zinazotumwa kwenye namba ile ile ya zamani. Laini yako imepewa mtu mwingine. Nikampigia, nikamwomba kwa adabu zote anisomee tarakimu. "Matapeli wakubwa nyie! Katafuteni mjinga mwingine," akakata, na tangu hapo simpati. Simlaumu. Baba nimemfundisha mwenyewe: mtu akikuomba tarakimu, mkatie simu.

Karani anasema njia iliyobaki ni wewe uliyetuandikisha. Waandikie hospitali barua kwamba umekubali namba ibadilishwe, tia sahihi, weka na nakala ya kitambulisho chako, mpe shemeji akirudi mwisho wa mwezi. Tafadhali usiseme kesho. Nina hasira na wewe, na mimi mwenyewe najichukia zaidi.

Mama mdogo anakusalimu, na mapacha, na jirani yetu kinyozi. Mungu akulinde huko uliko, na mkono wako uwe mwepesi kuandika.

Wako akupendaye,
Dada yako

Baba naye ametaka kutia sahihi, ujue hana kinyongo na wewe. Nimemwekea kidole chake hapa chini penye nafasi, apajue pa kuanzia. Ameanza vizuri, ila nusu ya jina lake ameiandika kwenye meza.