Ukiulizwa Kama Umekula

Ole, Pemba,
Jumapili, 11 Mei 2025.

Mpendwa kaka yangu Haitham,

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Natumai barua hii itakukuta mzima huko Maskati, na kama si mzima basi naomba safari hii useme. Sie huku Ole Mungu katuweka. Mama magoti humsumbua mvua ikinyesha, na mwaka huu mvua imekataa kwisha, basi fikiria mwenyewe hayo magoti. Seif hajambo, yuko shamba anapalilia muhogo. Mwanetu Safaa yupo hapa miguuni pangu, kavaa kofia ya baba yake imemfunika mpaka puani, ananigombania kalamu.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu kwenye simu kila nikianza unanikatiza kwa habari ya fidia, au mtandao unakata, na ukirudi unakuta nshasahau nilipofika. Zubeir, mtoto wa Mzee Kificho, anarudi Maskati wiki hii, kasema atakupa mkononi. Skuli niliishia kidato cha pili, unajua mwenyewe, kwa hiyo mstari ukipinda nisamehe. Lakini soma polepole, na usome mpaka mwisho.

Ujumbe kwamba tulifika Dar uliupata. Namna tulivyofika hukuipata, na ndiyo yenye maneno.

Unajua mwanangu kazaliwa na tundu kwenye moyo. Mwezi huu katimiza mwaka na nusu, na bado akilia kwa nguvu midomo inageuka rangi kama kala zambarau. Wale madaktari wageni walikuwa Dar mpaka Alhamisi tu, na wakishaondoka hawaji tena mpaka mwakani. Daktari wa Chake alisema mtoto asitikiswe na bahari, nawe bila ya kuombwa ukatukatia tiketi ya ndege. Nilipoiona kwenye simu ya Seif nililia, nikamwambia Mama ni moshi wa jikoni.

Jumanne asubuhi mie na Safaa tukawa kiwanja cha ndege. Kaka, upepo ule sijapata kuuona tangu nizaliwe. Mabati ya banda la teksi yalikuwa yanapiga makofi, na maji yanaingia kwa chini ya mlango. Ndege ilikuja kweli. Tuliisikia juu yetu inanguruma mawinguni, inazunguka, inazunguka, haikuona pa kutua, ikarudi ilikotoka. Bandari ya Mkoani nako boti zilizuiwa, hakuna kutoka. Tukawa kama kuku waliofungiwa tenga.

Pale palikuwa na binti wa kampuni ya ndege, jina lake Kauthar, mtu wa Wete, mdogo kuliko mie. Alipita kwetu sote, benchi kwa benchi, na kalamu mkononi. Akauliza: jamani mmekula? Kuna mwenye shida? Nani ana safari ya haraka nimtangulize ndege ikija?

Sasa we mwenyewe umelelewa Ole hii hii. Mpemba akiulizwa kama amekula anajibuje? Tumbo linaweza kuwa linapiga ngoma, atasema alhamdulillah, nshakula, nshashiba. Si ndivyo Mama alivyotufunza, kwamba ukisema una njaa mbele za watu ni kama umemtoa mama yako barabarani bila ya kanga? Basi watu wote pale wakajibu mmoja baada ya mmoja. Alhamdulillah, tumeshiba. Hatuna shida, bi. Haraka ya nini na Mungu ndiye anayesafirisha? Ikafika zamu yangu, na mtoto begani, na maziwa yake yameshafika chini ya chupa. Nikasema: "Waangalie wazee kwanza, dada angu. Sie tupo tu."

Ni Mzee Jecha peke yake, aliyekaa ubavuni mwangu, ndiye aliyesema ana haraka. Alikuwa anakwenda Dar kumuozesha binti yake, na yeye ndiye walii, msimamizi wa ndoa. Hata yeye alisema kwa sauti ndogo, kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani.

Jioni tukaambiwa ndege haiji tena. Nikaenda kulala kwa jamaa zake Seif hapo Chake, wakaniuliza kama tumekula. Nikasema tumekula! Ulimi huu, kaka. Safaa nikampa kipande cha mkate wa boflo kilichobaki mkobani, nimejifunika naye shuka, anatafuna kama panya na mie naomba wasisikie.

Jumatano upepo ukapungua, ndege ikaja, lakini ndogo, na watu ni wale wa jana na wa leo. Aliyetangulizwa ni Mzee Jecha, aliyesema jana kwamba ana haraka, na viti vilivyobaki wakapewa wazee. Jina langu halikuwamo. Lingekuwamo vipi?

Hapo ndipo ulipopiga. "Dai fidia! Siku nzima mmekalishwa, ni haki yako, kwengine watu wanalipwa!" Kaka, sauti yako ilitoka kwenye simu ikatembea kiwanja kizima. Mzee Jecha akaniuliza, "Huyo mwanasheria wako yuko wapi?" Nikaona haya, lakini nikaenda dirishani. Nilikwenda kwa ajili yako, si kwa ajili yangu.

"Dada Kauthar, kaka yangu kasema mnilipe fidia."

"Fidia ya nini, bi?"

"Ya kucheleweshwa."

"Upepo ule niliutuma mie?" Hakusema kwa ufedhuli. Macho yalikuwa mekundu, naona naye hakulala. Akaniambia nisogee, akanieleza kama mtu na mdogo wake. Ndege ikichelewa kwa uzembe wao wenyewe, hapo mtu ana haki ya kuwabana, na wakikaidi anapeleka malalamiko kwa mamlaka ya usafiri wa anga. Lakini tufani si kosa la mtu, fidia yake hamna. "Ila kwa kuwa ni tufani haina maana tukuache na njaa. Chakula ni juu yetu. Wa mbali asiye na pa kulala ni juu yetu. Kukubadilishia safari bila ya kulipa tena, au kukurudishia nauli ukiona huna haja ya kwenda, vyote ni juu yetu. Sasa jana nilipita nikiuliza kwa nini, bi? Nyote mkasema mmeshiba! Chakula nilikuwa nshakiagiza, nikakirudisha."

Kaka, sijui niseme nini kilinipata. Labda ni huko kusikia kwamba chakula kilikuwapo, kikaja mpaka mlangoni, kikarudi kwa mdomo wangu mwenyewe. Nikasema, na nilisema kwa sauti kama yako: "Hatujashiba. Sijatia kitu mdomoni tangu jana asubuhi. Mwanangu ana tundu kwenye moyo, madaktari wake wanaondoka kesho, na nilisema sina haraka kwa kuona haya!"

Nikataka ardhi inimeze.

Mzee Jecha alikuwa keshasimama kwenye foleni na begi lake. Akageuka.

"We mtoto! Jana kutwa tumekaa pamoja tunazungumza habari za karafuu, na hili umelikalia?"

"Niliona haya, mzee."

"Haya! Haya ndiyo itakayomfikisha huyu Dar?" Akaweka begi chini, akatoa simu, akampigia mdogo wake aliyeko kwenye harusi. Sote tulisikia. "Bakar, nakuwakilisha umuozeshe binti yangu. Ndiyo, mie baba yake, kwa hiari yangu, akili yangu timamu. Mahari yale yale. Hapana, siumwi! Nimepata shughuli. Na wali wangu msiumalize." Akakata. Akamwambia Kauthar, "Mwandike huyu na mwanawe mahali pangu. Mungu kaweka uwakala katika ndoa. Katika moyo hakuweka."

Nikataka kumbusu mkono, akauvuta. Tena akamgeukia yule binti: "Sasa mie ni mtu niliyekwama, si ndiyo? Basi nami nina njaa. Tangu jana. Hicho chakula ulichokirudisha kilikuwa nini?"

"Pilau, mzee."

"Innalillahi!"

Kaka, watu walicheka mpaka wengine wakajishika mbavu. Halafu kutoka benchi la nyuma mama mmoja kasema, na mie dada nina njaa. Mwengine, na mie. Na mie. Wote! Watu wazima na heshima zao, waliokesha na matumbo matupu kwa adabu. Kauthar akajifuta macho kwa ncha ya mtandio, akawa hajui acheke au alie. Kabla sijapanda ndege nilipewa chai na chapati, na maziwa ya moto katika chupa ya Safaa. Chai ile siisahau. Ilikuwa na sukari nyingi mno, na ilikuwa tamu hivyo hivyo.

Alhamisi tukaonwa. Tulikuwa karibu wa mwisho. Daktari alimpaka Safaa mafuta kifuani, akampitisha kile chombo cha kutazamia moyo, na mwanangu akamshika ndevu. Tundu lipo. Lakini kasema halijaharibu mapafu, na kwamba tumewahi. Jina lake limeingia katika watoto watakaopasuliwa mwezi wa tisa, hapo hapo Dar, na madaktari wetu wenyewe. Nilimuuliza, je, lau tungekuja mwakani? Akasema tumshukuru Mungu hatukuja mwakani.

Mzee Jecha alipata ndege Alhamisi hiyo hiyo. Kanipigia kuuliza hali ya mtoto, kasema ndoa imepita salama, lakini kwenye wali kakuta ukoko.

Kwa hiyo kaka, lile la fidia lifunge. Ule ujumbe wa sauti wa kudai fidia uliowatumia kampuni, Kauthar kausikia, nami ilinibidi nimuombe radhi kwa niaba yako. Mama alipohadithiwa kasema mvua ni ya Mungu, lakini tiketi ni mapatano ya watu, na mapatano yana adabu yake pande zote mbili. Wao waulize, na sie tujibu kweli. Wala usidhani nimekuwa mnyonge. Siku wakinichelewesha kwa uzembe nitawadai mwenyewe, njia ya dirishani nshaijua.

Sasa ndiyo nafika nilipokuwa nakwenda.

Zubeir usimkasirikie. Nilimbana mie, na unanijua nikimbana mtu. Kasema lile ghala ulimokuwa ukifanya kazi limefungwa tangu kabla ya Ramadhani. Kasema unalala chumbani kwake, chini, na kwamba siku ya Idi tulipokupigia ukasema umekula biriani, mlikuwa na chai tu. Na Mama pale pembeni alifurahi na biriani yako mpaka akamsimulia jirani.

Tiketi ile uliikata kwa kipi, kaka? Sikuulizi unijibu. Nimejua tu, na kila Safaa akicheka nakumbuka.

Mama sijamwambia. Utamwambia wewe, ukitaka. Lakini chumba chako anakifagia kila Ijumaa hata bila ya kujua. Karafuu zinakaribia, Seif kasema mwaka huu mikono haitoshi, na hasemi kwa huruma, hana mtu wa kumshikia ngazi. Hamdan wa hapo njiani naye kafungua duka la vifaa vya ujenzi, anatafuta mtu anayejua mambo ya ghala. Na kama unaona bado riziki yako iko huko, kaa, hatukulazimishi. Ila tujue uko vipi.

Mtu aliyesimamishwa na tufani hana la kuonea haya, kaka. Upepo hakuutuma yeye. Lakini akisema ameshiba, chakula kinarudishwa jikoni.

Mama anakusalimu sana na kukuombea. Seif anakusalimu. Mzee Kificho kasema usisahau kumuombea ukienda umra. Safaa hajui salamu bado, nimempa kalamu, hiyo mistari iliyoparuzwa hapa chini ni yake.

Zubeir ana mfuko wako. Mna mkate wa mofa, papa mkavu, na pilipili ya kusaga ya Mama, uifungue taratibu. Ule kwanza, ndipo unijibu. Nami nakuuliza kama yule binti alivyoniuliza, safari hii niambie kweli: kaka, umekula?

Mungu akufungulie mlango usioujua, akulinde na baridi ya ugenini na joto lake, na atukutanishe ungali na meno ya kutafunia mofa.

Mdogo wako akupendaye, na anayengoja jibu la kweli,

Ruweida