Siku Ziwa Lilipomshika Tamsin

Penong,
Australia Kusini.
9 Agosti 1994

Mpendwa mdogo wangu Lachlan,

Hujambo huko Hobart? Kifua kimetulia, au baridi bado inakisumbua? Vaa ile sweta niliyokufumia, usione haya. Sisi wazima, ila upepo ndio huo huo, na vumbi la jasi limeingia mpaka kwenye sukari.

Unajua Baba alivyonuna tangu binti yangu Tamsin aanze kuendesha kijiko, lile tingatinga la kuchotea jasi, kule machimboni ziwani. Mwaka mzima hakumsemesha. Yeye aliyezeekea kwenye jasi alishikilia kwamba ziwani si mahali pa mtoto wa kike.

Basi Jumanne iliyopita, baada ya mvua kubwa, gamba la ziwa likakatika. Unalikumbuka: juu chumvi na jasi ngumu kama sakafu, chini tope la kijivu lisilo na mwisho. Kijiko kilizama upande, tope likabana mlango. Tamsin akatokea dirishani, akapanda juu ya paa. Wenzake hawakuweza kumfikia; kila gari lililosogea lilianza kudidimia.

Nilipofika ukingoni, Baba alikuwa ameshanitangulia. Amebomoa banda lake la kuku, ametandika mbao juu ya tope, kamba kiunoni, anatambaa kwa tumbo. Mzee wa miaka sabini na nne, Lachlan!

"Babu, rudi! Utazama!" Tamsin akapiga kelele.

"Nyamaza wewe! Vua hayo mabuti, lala kifudifudi, nishike mkono."

Wanaume wakavuta kamba, wakawatoa wote wawili, weupe kwa jasi kama waliopakwa chokaa. Nikacheka huku nalia.

Nyumbani niliwapa supu. Mwishowe Baba akauliza, macho kwenye bakuli, "Ulizima injini kabla ya kutoka?"

"Nilizima."

"Umenishinda. Mimi zamani nilipozama sikukumbuka. Nilimwita mama yangu tu."

Kijiko cha supu kiliniponyoka. Hatukuwahi kusikia habari hiyo, wala sidhani Mama aliijua.

"Kumbe ulikuwa unaogopa, mzee wangu!" Tamsin akasema.

"Kula, inapoa," akajibu. Kisha, "Jumatatu unaingia saa ngapi? Nitakupeleka mwenyewe."

Mpigie Baba simu, Lachlan. Hatasema amekukumbuka, lakini atakuuliza hali ya hewa mara tatu.

Msalimie sana wifi yangu Ingrid, na umbusu Rory kwa niaba ya shangazi yake. Mungu awafunike nyote, na akukaushie hicho kifua.

Ni mimi dada yako nikupendaye,
Glenys