Chupa Yenye Mpira Shingoni

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba lile goti limekubali kupanda ngazi tena. Shemeji naye anaendeleaje na kifua chake? Na bwana harusi wetu, anakula, au amekonda kwa mawazo? Mimi ni mzima wa mwili, namshukuru Mungu. Ni vidole tu vimejaa mikwaruzo ya vioo, kama kawaida.

Barua yako niliipata Jumatatu. Niliisoma nimesimama mlangoni na viatu vyangu miguuni, kisha nikaisoma tena nimekaa. Umesema mpwa wangu ameshikilia kwamba mjomba ndiye atakayeinua glasi ya kwanza, na kwamba shemeji ameagiza vinywaji vya kuwaangusha hata wanaojidai. Nilicheka peke yangu. Baadaye cheko likaisha, nikakaa siku nne bila kukujibu. Si dharau, dada. Siwezi kukupa jibu la glasi hiyo kabla sijakueleza habari za Mzee Rula.

Unakumbuka nilikuandikia juu yake, yule fundi mkuu wa karakana. Alifariki wiki tano zilizopita. Jina la Rula alipewa kwa sababu alikuwa akipima kioo mara tatu, kisha anakwaruza mstari mmoja tu, anagonga kidogo kwa chini, na kioo kinaachana kama mkate. Alikuwa akituambia kioo hakimpendi mtu mwenye wasiwasi. Vile vioo vikubwa vya madukani tulivibeba mimi na yeye, yeye upande huu, mimi ule, kimya kimya, tukipatanisha hatua. Miaka minne nimemwona uso wake kupitia kioo. Hivyo unaweza kusema nilimwona vizuri.

Jumamosi mchana, karakana ikishafungwa, wote tunavuka barabara kwenda baa. Hilo si la hiari. Pale ndipo tajiri wetu anapopanga nani aende kazi ipi, pale ndipo watu wanapopatana waliogombana wiki nzima. Alikuwapo fundi wa fremu aliyeacha kunywa. Wakamwita Mchungaji. Kila asubuhi walimuuliza sadaka inapita saa ngapi, na kama amewaombea walevi wake. Mwanzo alicheka nao. Kisha wakaacha hata kumwita kwenye chai, kwa kuwa, walisema, mtu asiyelewa anakumbuka mno maneno ya wenzake. Baada ya miezi miwili akahama, na hakuna aliyeuliza kaenda wapi.

Dada, na mimi niliacha. Najua hili hukulijua. Niliacha karibu miaka minne iliyopita, wiki tatu kabla wifi yako hajafariki. Unajua alivyokuwa na tabia ya kunusa kola ya shati langu kabla ya kulitia kwenye maji. Hakuwa akigomba, ananusa tu, analitia. Ile Jumamosi ya kwanza aliponusa na kukuta jasho tupu, alilikunja lile shati, akaliweka chini ya mto wake bila kulifua. Alipata Jumamosi tatu tu za namna hiyo. Sikuweza kumnyang'anya baada ya kufa kitu kidogo nilichompa akiwa hai.

Lakini sikuwa na ushujaa wa Mchungaji. Nyumba ilikuwa imekwisha kuwa kimya, na kama karakana nayo ingenyamaza, ningezungumza na nani? Basi nilimfuata dada wa kaunta, nikamweleza. Akanihurumia. Kila Jumamosi alikuwa akiniletea chupa ya bia ya kahawia iliyooshwa na kujazwa maji, ameichana lebo pembeni ili asichanganye. Chupa ile ukiishika hakuna ajuaye kilichomo. Nilijifunza kucheka kwa sauti, kupepesuka kidogo wakati wa kuondoka. Hata nilipokuja kwako mwaka juzi, ile bia uliyonifungulia niliimwagia ua lako la dirishani. Kama lilikauka, usimlaumu mtoto, ni mimi.

Mzee Rula alikaa kando yangu miaka yote hiyo. Naye alikuwa na chupa yake, yenye mpira mwekundu umezungushwa shingoni. Nilidhani ni yale yale mambo yake ya vipimo, hataki mtu aguse chake. Vijana walimtania kwamba chupa yake imeposwa.

Jumamosi iliyofuata mazishi wenzangu walimwagiza bia, wakaiweka mbele ya kiti chake kitupu. Nilishindwa kukaa. Nilikwenda kaunta kuomba chupa yangu, na dada wa kaunta akafungua mtoto wa meza, akatoa mpira mwekundu, akauweka kiganjani mwangu. Akaniambia niuchukue, maana kwangu ndiko unakostahili. Aliniambia kwa sauti ya chini kwamba kila Jumamosi alikuwa akijaza maji chupa mbili, si moja. Mzee aliacha pombe miaka sita iliyopita, daktari alipomwonya kwamba ini lake halina tena msamaha.

Watu husema mficha maradhi, kifo humuumbua. Sisi wawili, dada, tulificha uzima. Tulikaa bega kwa bega miaka minne, kila mmoja na maji yake, nami nikidhani niko peke yangu duniani.

Sasa nifike pale ninapopaogopa.

Miezi minane iliyopita tulimaliza kazi ya jengo refu, vioo vya ghorofa sita bila hata kimoja kuvunjika. Tajiri alifurahi, akaja mwenyewe na kreti, akawa anafungua chupa palepale mezani na kumshikisha kila mtu mkononi. Dada wa kaunta hakuwa na la kufanya. Nilikuwa na yangu mkononi, sioni pa kuimwaga. Mzee Rula akaisukuma ya kwake, akasema samahani, yuko kwenye dawa. Meza nzima ikamgeukia. Mimi nikaona hapa ndipo pa kuponea. Nikasimama, nikapiga kelele kuliko wote. Nilimwambia, Mzee wetu, usitutie aibu mbele ya tajiri, mtu aliyekata vioo vya ghorofa sita atatishwa na chupa moja? Nikaitwaa, nikamtia mkononi, nikavifunga vidole vyake kwa mkono wangu. Watu wakapiga makofi, wakaanza kuimba Rula, Rula, Rula. Macho yote yalipokuwa kwake, mimi nikamwaga yangu chini ya meza.

Aliniangalia kabla ya kunywa. Si kwa hasira. Nilidhani ni mtazamo wa mzee anayemwona kijana amelewa. Akanywa mpaka mwisho.

Jumamosi iliyofuata chupa yenye mpira haikuonekana; Mzee aliagiza bia ya kufunguliwa mezani kama wengine, na zilizofuata vivyo hivyo. Mikono yake ikaanza kutetemeka, akawa ananiachia mimi nikate, anasema macho yamechoka. Na mimi nilisikitika, dada, nilisikitika kama mtu wa pembeni.

Nilimuuliza dada wa kaunta kama Mzee alijua habari zangu. Akasema Mzee alijua tangu mwaka wa kwanza. Aliitambua lebo iliyochanwa. Mzee alimwambia dada yule asinigusie habari hiyo, nikitaka kumwambia Mzee nitamwambia mwenyewe. Kwa hiyo ile siku ya kreti, mtu mmoja tu pale mezani alijua kwamba mimi pia sinywi, naye ndiye niliyemshikisha chupa. Angeweza kunitaja. Neno moja tu, na meza ingenigeukia mimi. Hakulisema. Sijui alikunywa kwa ajili ya makofi au kwa ajili yangu, na wa kumuuliza hayupo.

Jumamosi iliyopita niliagiza maji, kwa sauti, katika glasi. Nikawaambia wote, ya kwangu na ya Mzee, na nilichomfanyia. Kisha mmoja akasema Mchungaji karudi, wakacheka, lakini halikuwa cheko la kukaa. Mwingine akasema nimemvua nguo marehemu. Viti vikasogea kidogo kidogo. Wiki hii nimekula chakula cha mchana nyuma ya karakana, juu ya kreti tupu, na kioo kikubwa ninakibeba na yeyote atakayetumwa. Hatupatanishi hatua. Jana tulivunja kimoja.

Basi jibu langu ni hili. Nitakuja, na nitaiinua glasi ya mpwa wangu. Ila naomba iwe ya maji, na iwe glasi nyeupe, ya kuona ndani. Uwaambie watu mapema, wewe mwenyewe, kwa maneno yako, kwamba mdogo wako hanywi. Mimi siwezi tena kushika kitu kisichoonekana kilichomo. Na kama kwenu itakuwa aibu, sitakasirika hata kidogo. Niandikie tu, nami nitakuja kesho yake kukusaidia kuosha vyombo.

Nisalimie shemeji, na umwambie bwana harusi apime viatu mapema, siku ile hakuna atakayemhurumia. Nisalimie na lile ua, kama bado lipo. Mpira mwekundu nimeuvaa mkononi, utauona nikifika, usiniulize mbele za watu.

Ni mimi mdogo wako, niliyekuwa nikishika kifungo cha gauni lako tukipita penye watu wengi, mpaka ukaniita

Kifungo