Msichana Anayedhani Ana Kazi

Jumatatu, 4 Machi

Mwezi wa tatu wa mafunzo kwa vitendo, ofisi ya ustawi wa jamii. Nikapiga moyo konde, nikamuuliza Bosi kuhusu posho. Alicheka mpaka miwani ikamteleza puani. Eti mwanafunzi halipwi, mwanafunzi anajifunza. Haya! Leo nimejifunza kudeki korido, kubembeleza mtoto wa watu na kurudi nyumbani kwa miguu. Chakula cha mchana: maji.

Jumanne, 5 Machi

Mama mwenye nyumba alinisubiri uani. Kodi wala hakuitaja — hapo ndipo nilipoogopa. Aliniuliza kwa upole, huko kazini wanalipa lini? Nikamwambia hawalipi.

"Na bado unakwenda, mwanangu?"

Kila siku, nikasema, tena nawahi. Akanishika paji la uso.

Alhamisi, 7 Machi

Njaa! Nawaza kuacha — lakini nikiacha, shahada ndiyo basi tena.

Bosi kaniita. Kesho naongoza ziara ya nyumbani, yeye atanipa alama. Zile za kufaulu au kufeli! Kuna mtu kapiga simu: msichana karukwa na akili. Kila asubuhi anajikwatua, eti anaenda kazini, mwezi unaisha harudi na kitu.

"Anadhani ana kazi, maskini," Bosi akasema. Tukasikitika wote wawili. Akaidhinisha palepale unga, mchele, mafuta na nauli. Wengine wana bahati jamani.

Ijumaa, 8 Machi

Naandika humu kwa sababu Bosi kasema niandike, na karatasi nyingine sina.

Tumekuja na gari la ofisi — sijawahi kulipanda! Dereva alipokata kona ya kinyozi wa mtaani kwetu, nikaijua njia. Akasimama getini kwetu.

Mama mwenye nyumba kafungua, kaniona, kamshika Bosi mikono yote miwili: "Asanteni! Mmempata wapi?"

Sasa Bosi kaketi kitandani kwangu, kiti sina. Kaitazama sufuria tupu. Kakitazama kitambulisho shingoni mwangu, chenye sahihi yake. Mama mwenye nyumba anamnong'oneza asinibishie, nisije nikapandisha mashetani. "Mwambie tu kwamba kazi anayo."

Bosi anatoa fomu ya alama.

Alama ni alama. Nimeanza na swali tunalowauliza wote, kwa sauti ya kikazi kabisa: mhusika amekula nini leo?

Wote wawili wamenigeukia. Wanangoja nijibu.