Nyuzi Nyeupe za Kiswere

Jumatatu, 1 Aprili 1974

Mwenye bahati Lindi nzima ni mimi, Tawakali, dereva wa Landrova ya afya. Nimefika Mombasa, nimefika Beira, nimekula meza moja na mabaharia Wagiriki – na sasa hata damu yangu ni ya bahati! Kundi O. Inamfaa mtu yeyote. Nimefunga uzi mweupe mkononi, mtaa wetu mzima wa Mtanda wameuona.

Uzi ni mpango wa nesi Emerensiana. Anasema mvua zikikata barabara, au kije kimbunga kama kile cha kabla ya Uhuru, damu ya Lindi haifiki vijijini. Basi ikae hukohuko – ndani ya watu wenyewe! Kila mtu apimwe mapema, afungwe uzi wa kundi lake, shida ikitokea aitwe. Mweupe ni O, buluu ni A, mweusi ni B, mwekundu ni AB. Jamani! Nimetembea dunia, sijasikia akili kama hii.

Alhamisi, 4 Aprili

Kiswere. Walipoona gari na sindano – mumiani! Kina mama wakawafungia watoto ndani. Mzee Kibwana, mwenyekiti wa kijiji, akamuuliza nesi kabila lake. Mngoni. Mzee akaangua kicheko, maana Wangoni na watu wa huku ni watani.

"Mababu zenu walitumwaga damu. Mmefuata iliyobaki?"

"Safari ile walikuwa na haraka, babu. Shikamoo."

"Marahaba, mwizi wa mbuzi. Haya, anza kujichoma wewe."

Nesi akajichoma palepale, mbele ya macho yao. Mtani kakutolea damu, wewe utakataa kwa uso gani? Foleni ikafika kisimani! Nimesimama mdomo wazi. Woga wote ule, umekwisha kwa matusi mawili matatu.

Mwahija, mjamzito mcheshi, akanigeukia: mbona kaka dereva hachomwi? Nikamwonyesha uzi wangu. Nilishamaliza zamani, dada, damu hii hadi Wagiriki wanaililia.

Jumapili, 7 Aprili

Mvua. Mvua tu. Emerensiana anazunguka kama mtu aliyealikwa harusini – anasema sasa ndio tutajua kama mpango ni mpango. Wangoni hawa!

Jumatano, 10 Aprili

Tumevuka asubuhi kuja zahanati ya Kiswere, na daraja likaondoka nyuma yetu. Nimeliona kwa macho yangu likienda na maji kama kitanda! Zahanati iko upande huu, kijiji kiko ng'ambo.

Mwahija yumo ndani. Amejifungua mtoto wa kike, mzima kabisa, ila mama damu haikatiki. Uzi wake mweupe – lazima apewe ya mweupe mwenzake. Dawa za kupimia zimelowa zote sandukuni, leo kazi ni kuamini nyuzi tu. Na upande huu tuko wachache: mmoja buluu, ndiye nesi mwenyewe, na wawili weusi. Na mimi.

Emerensiana akanishika mkono. "Mtani, leo bahati yako ina kazi. Lala hapo."

Nikaitazama sindano. Nikamtazama Mwahija, midomo rangi ya majivu. Nikamwambia nesi sijapimwa.

Hakunitukana. Mtani wangu, na hakunitukana! Afadhali angenitukana, ningepumua. Akatoka mbio mpaka ukingoni, akaita ng'ambo: "Weupe! Nyuzi nyeupe, njooni!"

Naandika juu ya boneti. Kamba nimeifunga kwenye bampa, upande wa pili wameifunga kwenye mnazi. Mzee Kibwana anawapanga, anawatukana mmoja mmoja. Wanaingia! Wa kwanza mume wake Mwahija, Abdurahmani, maji kifuani. Nyuma yake mwingine, na mwingine, na wanawake wawili wamejifunga kanga viunoni. Mkono mmoja kwenye kamba, mmoja juu, ili uzi uonekane. Subhanallah. Mto mzima unatembea na mikono. Sijaona kitu kama hiki, si Beira si Mombasa.

Mmoja kateleza. Wamemdaka. Maji yamemfika Abdurahmani shingoni, na bado katikati hajafika. Ndani Emerensiana anamwita Mwahija jina lake, anarudia, sisikii jibu.

Watu wale wako majini kwa ajili yangu. Damu ya bahati sina. Uzi nilijifunga mwenyewe kwa sababu naogopa sindano, na kundi langu silijui.