Kijiti Nilichochomeka Mtoni

Kabula mjukuu wangu,

Marahaba. Salamu zako kutoka Geita zimenifikia. Huku Samuye tunaendelea. Ng'ombe mwekundu amezaa jike, ila bomba limekauka, hii ni wiki ya pili.

Umeniuliza kwa nini nilikukataza kuweka kwenye ramani ya simu mahali tulipokuwa tukichimba maji mtoni wakati wa kiangazi. Unasema wewe na wenzako mnataka tu maarifa yetu sisi wazee yasipotee.

Nilipokuwa msichana, mama alinionyesha mahali hapo. Unasimama mchangani, unasogea mpaka jiwe kubwa la ng'ambo lifiche lile lililo nyuma yake, ndipo unachimba. Niliogopa kusahau, nikachomeka kijiti. Kesho yake tulikuta ng'ombe wa watu tusiowajua wamejaa pale, maji yamekuwa tope. Mama hakunigombeza. Alikichomoa kile kijiti, akanipa nikibebe mpaka nyumbani. Sasa hiyo alama ya simu, Kabula, si kijiti kinachoonekana mpaka Nyarugusu, huko kwenu Geita?

Nilitaka barua iishie hapo. Lakini juzi nilikwenda mtoni mwenyewe. Macho haya hayakuona jiwe hata moja. Nilichimba mara tatu, nikatoa mchanga mkavu, na tangu bomba lije hakuna mwingine aliyejifunza mahali hapo. Mama yako sijamwambia kwamba sikupaona.

Njoo na macho yako na simu yako kabla mto haujajaa. Ifundishe kunyamaza, kama inawezekana. Isipowezekana, njoo nayo hivyo hivyo.

Bibi yako